Je, wajua kwa nini simu yenye programu ya kujifunzia maneno hukuuliza neno siku ile ile unayokaribia kulisahau?

Masika ikiingia Malindi, kuna kitu hutoweka kimya kimya hoteli zinapofunga milango: Kiitaliano. Mwezi Machi binamu yangu, anayewapeleka wageni kwa mashua hadi kwenye matumbawe, hupiga domo na watu wa Milano bila kumeza mate. Agosti wakirudi, neno la kwanza analolitafuta halipo. Msimu mmoja alisimama kwenye maji ya kiunoni, akamnyooshea kidole kasa aliyekuwa akipita, akapaza sauti: "Casa! Casa!" Wageni wote wakageuka kutazama ufukweni. Casa kwa Kiitaliano ni nyumba. Kasa ni tartaruga, na neno hilo alikuwa akilitamka mara kumi kwa siku miezi michache tu nyuma.

Kiitaliano hapa kina historia yake. Miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, na mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Walikuja wahandisi, wakaja watalii, zikafuata piza na aiskrimu, na leo muuza vinyago atakupa "ciao" kabla hajafikiria "mambo". Wengi wao hawakukalia dawati lolote. Wamejifunzia mchangani, kwa sikio, na mwalimu wao akipanda ndege kurudi kwao, darasa linafungwa.

Baada ya aibu ile ya kasa, binamu alipakua programu ya kadi za maneno. Wiki ya pili akanijia na swali: "Hii simu yajuaje kwamba neno fulani niko karibu kulisahau? Imeingia kichwani mwangu?"

Haijaingia. Inahesabu siku tu. Ila hesabu yenyewe ina miaka zaidi ya mia.

Mtu wa kwanza kuipima kazi ya kusahau alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, na aliyempima ni yeye mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha hadi zikashika. Kisha akangoja, akazikariri upya, na kuangalia safari ya pili imempunguzia kazi kiasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Baada ya dakika 20, kazi aliyookoa ilikuwa kama asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku nzima, 34 hivi. Baada ya mwezi, 21.

Zitazame tarakimu hizo tena. Saa moja tu imekula zaidi ya nusu, ilhali mwezi mzima uliofuata umekula chini ya robo. Mtu wa pwani angetarajia kumbukumbu ipwe kama maji, lakini maji yakipwa huanza polepole, hukaza mwendo saa ya tatu na ya nne, kisha hulegea. Kusahau hakuna adabu hiyo. Huanza kwa mbio, halafu ndiyo hutulia. Maneno yenye maana hudumu zaidi ya silabi za Ebbinghaus, bila shaka, lakini mteremko ni wa namna ile ile. Na ile akiba ndogo inayobaki chini ndiyo inayoeleza kwa nini binamu yangu, hata baada ya aibu ya siku ya kwanza, wiki ya pili huwa anacheka na wageni kama kawaida. Neno halikufa, lilizama tu.

Sasa, ukilikumbuka neno kabla halijazama kabisa, mteremko unaofuata huwa mpole zaidi. Kwa hivyo unaweza kungoja muda mrefu kidogo kabla ya kuligusa tena, na safari nyingine ukangoja zaidi ya hapo. Neno ulilolirudia mara nyingi jioni moja hutoroka upesi kuliko lile ulilolirudia mara hizo hizo zikitawanywa wiki kadhaa. Aliyepita chuoni, yaani madrasa, anaijua habari hii kwa jina la kudurusu: kabla ya somo jipya mwalimu alitaka kulisikia la jana, na siku nyingine, bila onyo, akakurudisha kwenye sura uliyodhani umeshaiaga.

Tena mwalimu yule hakukuambia "fungua usome". Alikwambia "soma" huku msahafu umefungwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tukiwa na daftari la msamiati, tukiyapitisha macho maneno na kujiona tumeyajua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi walizisoma tena. Wengine walitakiwa kuziandika kwa kukumbuka tu. Dakika 5 baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliokumbuka walibaki na asilimia 56, waliosoma tena 42. Ndiyo maana programu hukuonyesha upande mmoja wa kadi, "kasa", kisha ikanyamaza. Kimya kile, umekunja uso unalitafuta neno, ndiyo kazi yenyewe. Kugeuza kadi ni kuthibitisha tu.

Kompyuta iliingia wapi? Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza njia ya kufanya haya kwa kadi za karatasi na sanduku lenye vyumba: ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Inafanya kazi hadi leo, na haihitaji bando. Tatizo ni kadi zikifika elfu moja, kwa sababu kila moja ina tarehe yake. Mwanafunzi wa Poland, Piotr Woźniak, alianza kuitafuta hesabu hiyo kwa karatasi mwaka 1985, na mwaka 1987 akaikabidhi kompyuta. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kushinda unavyodhani. Rudia baada ya siku 1, kisha baada ya siku 6, kisha zidisha kwa 2.5 kila unapojibu vizuri. Ukijibu kwa taabu, kizidishio kinapunguzwa. Ukikosa, unaanza upya.

Tuichukue kadi ya tartaruga, aliyoiandika binamu tarehe 1 Aprili, mvua zikikaribia. Inarudi tarehe 2, tarehe 8, tarehe 23. Kisha siku 38, yaani 31 Mei, mji umelowa na mashua zimepandishwa. Kisha siku 95: tarehe 3 Septemba, wageni wamejaa. Mara nne tu kabla ya hapo, sekunde chache kila mara, na masika yote yamevukwa. Programu za sasa zina hesabu zao zilizonyooshwa zaidi, lakini nyingi ni wajukuu wa kanuni hii. Mmojawapo ni Anki, ambayo Damien Elmes aliitoa mwaka 2006; jina ni la Kijapani, maana yake kukariri. Kwenye simu za Android ni ya bure, na kadi zikishakuwemo inafanya kazi bila intaneti.

Kuna namna moja ya kuiharibu, nami nimeiona kwa macho yangu chini ya mwarobaini: binamu anageuza kadi, analiona jibu, anasema "aah, hili nalijua", anabonyeza kitufe cha rahisi. Simu haina njia ya kujua umeongopa. Inaamini, inalipeleka neno mbali, na siku linaporudi limeshaoza.

Jambo lingine ni kadi za nani. Kwenye intaneti kuna mafungu ya bure ya maelfu ya maneno, mengi yakiwa ya Kiingereza kwa Kiitaliano, nayo huanza na tufaha. Mtembeza wageni wa Malindi tufaha atalifanyia nini? Anahitaji mwamba, mkondo, "shikilia kamba", "usimkanyage". Mimi naona heri kadi mia ulizoziandika mwenyewe, Kiswahili mbele na Kiitaliano nyuma, kwa sababu baharini ndivyo maneno yanavyohitajika: kasa anapita, nawe unataka jina lake. Ukikumbuka domani, yaani kesho, kwa sababu inafanana na msimu wa demani, iandike hivyo hivyo, hakuna mkaguzi. Jihadhari tu na maandishi, maana "ch" ya Kiitaliano husomwa "k", na anayejifunza kwa kusoma peke yake atasema chiesa, yaani kanisa, kama alivyozoea kusema "chai". Rekodi sauti ya mgeni mmoja mwenye subira, uitie kwenye kadi.

Mazungumzo simu haimfundishi binamu. Sarufi yake ya mchangani iko vile vile, kila kitenzi hakijanyambuliwa, na wageni wanamwelewa, kwa hiyo hana haraka.

Juzi nilimkuta kibarazani, mvua imekata kidogo, simu mkononi. Kadi iliyotokea ilisema "maji kupwa". Akafumba macho, akatazama juu, akasonya. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja.

"Bassa marea," akasema. Akageuza, ndiyo. Safari hii hakubonyeza rahisi.

Simu ikaandika: siku 38.