Mke, mume na shamba la mahindi: yanayosemwa na yalivyo

"Shamba la mama halitoi kwa sababu mama hajui kilimo."

Pengo la mavuno kati ya mashamba ya wanawake na ya wanaume lipo kweli. Ripoti ya UN Women na Benki ya Dunia ya mwaka 2015 ililikadiria kuwa takriban asilimia 16 kwa Tanzania, kwa thamani ya mavuno kwa eneo. Lakini sababu kubwa si ujuzi. Ni zamu: shamba la nani linahudumiwa kwanza.

Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 30, ekari moja hubeba miche kama 18,000. Palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya 2 hadi ya 3, kabla magugu hayajaanza kugombania chakula na mche mchanga. Kaya nyingi huanza na shamba la baba, na kazi kubwa ya jembe pale ni ya mama. Anapofika kwenye kipande chake, wiki ya 5 imeingia, mahindi yamekuwa ya njano na membamba. Hata akipalilia mara tatu baada ya hapo, kilichopotea hakirudi. Mbolea nayo humfikia iliyobaki: mfuko mmoja wa DAP (ya kupandia) na mmoja wa Urea (ya kukuzia) hutosha ekari moja, basi ikiwa baba ana ekari moja na mifuko ni hiyo miwili, mama anakuza kwa makombo.

Tiba yake ni kupanga kabla ya mvua. Gawaneni mbolea kwa mizani kabla haijaanza kutumika, kulingana na ukubwa wa kila kipande. Palizi iende kwa kupokezana: leo kwa baba, kesho kwa mama, na baba awepo siku zote mbili.

"Baba ndiye mkulima, mama anamsaidia."

Mama anapanda, anapalilia, anavuna, anapukuchua, anaanika, kisha anateka maji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la 1983, ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

"Mila hairuhusu mwanamke kumiliki ardhi."

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki hiyo. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila, andikeni majina yote mawili kama yalivyo kwenye vitambulisho. Angalieni sana jina la mke liwe kwenye nafasi ya mmiliki. Likikaa kwenye nafasi ya shahidi halimfanyi mmiliki. Ukitokea mgogoro, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake.

"Kuuza mazao ni kazi ya mwanaume."

Anayejua chakula cha nyumba ni anayepika. Watu 6 wanaokula ugali kila siku huhitaji kama magunia 6 ya kilo 100 kwa mwaka. Yatengwe kwanza, wote wawili wakiona, ndipo mnunuzi aitwe. Na apime kwa mizani, si kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi.