Kule msituni nani anapeleka mbolea?

Wiki iliyopita nilikuwa Uru, juu ya Moshi mjini, nikichimba shimo la kupimia udongo kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, cha mama mmoja. Alinitazama weee, kisha akanyoosha mkono kuelekea mlimani: “Mwanangu, kule msituni nani anapeleka mbolea?”

Swali lile naliheshimu sana. Sisi tunanunua mbolea kila msimu, na msitu haujawahi kutiwa hata kiganja, ila uko vilevile, kijani tupu.

Panda huko, upige magoti chini ya mti wa mkulo, ufunue majani makavu kwa vidole. Juu utakuta jani zima. Chini yake jani limebaki mishipa tu, kama kitambaa cha wavu. Zaidi ya hapo ni mboji nyeusi, yenye unyevu, inanukia mvua. Katikati yake kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimeng'ang'ania mizizi midogo. Hizo ni kuvu. Zinauletea mti fosforasi, moja ya virutubisho vyake, nao mti unazilipa sukari.

Mti wenyewe haumwagi mali ovyo. Kabla jani halijaanguka, hurudisha ndani karibu nusu ya nitrojeni na fosforasi iliyokuwemo. Potasiamu haingoji hata kuoza: mvua huiosha kutoka kwenye jani bichi, na tone linalofika chini tayari ni mchuzi.

Mwaka 1978 watafiti Stark na Jordan walitoa matokeo ya jaribio la San Carlos, Venezuela, katika bonde la Amazon. Walinyunyiza kalsiamu na fosforasi zenye mionzi, ili zifuatiliwe, juu ya zulia la mizizi ya msitu. Kilichopenya moja kwa moja kwenda chini kilikuwa asilimia 0.1 tu! Udongo wa kule ni fukara. Utajiri uko kwenye vitu vilivyo hai. Ndiyo maana ukifyeka na kuchoma, majivu yanakulisha misimu michache, kisha mvua inabeba kilichobaki.

Kilimanjaro ni tofauti kidogo, kwani udongo wetu ni wa volkano na una akiba zaidi. Lakini udongo huu una uchoyo wake: unaishika fosforasi kwa nguvu, mzizi peke yake hauipati kirahisi. Zile nyuzi nyeupe tunazihitaji hata huku.

Wazee waliopanda kahawa na migomba chini ya miti ya kivuli, miruka na miringaringa, waliuiga msitu. Mruka ni jamii ya kunde, unaingiza nitrojeni kutoka hewani. Majani ya mgomba huenda zizini, yanarudi samadi. Tatizo ni mkungu unaopakiwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Umejaa potasiamu, na maganda yake hayapandi tena mlima.

Basi nikamjibu: “Mama, kule hakuna anayepeleka, ila hakuna anayetoa.” Pembeni ya geti moshi ulikuwa ukifuka kwenye lundo la majani aliyoyafagia asubuhi. Nikamwonyesha: nitrojeni ya kihamba chako ndiyo ile inapaa.

Hakusema kitu. Alichukua reki, akauzima moto kwa udongo, akayaburuta yaliyosalia hadi shina la mgomba wa karibu. Kisha akaniuliza, “Na maganda ya kahawa je? Huwa tunayatupa korongoni.”

Nikamwambia ayarudishe yote, maana yana potasiamu nyingi.