PLC ya pointi nyingi: jumla peke yake haikuambii kitu

PLC ni kompyuta ya kiwandani: inasoma ishara za swichi na sensa, inafuata programu iliyopewa, kisha inaamrisha mota, vali na taa. Kila ishara inayoingia au kutoka huhesabiwa pointi moja. Mashine ndogo ya kufunga mifuko huenda ikatosheka na pointi 20. Mtambo wa kusafisha maji ni habari nyingine.

Tuseme una mota 40 na vali 30. Mota moja aghalabu inakula pointi tatu za kuingiza: inazunguka, imejikata kwa kuzidiwa mzigo, swichi iko kwenye otomatiki. Kuiwasha ni pointi moja ya kutoa. Vali ina mbili za kuingiza, imefunguka na imefungika, na moja ya kutoa. Tayari ni 180 za kuingiza na 70 za kutoa, jumla 250, na hujagusa kipimo hata kimoja cha presha.

Sasa chukua PLC ya Siemens S7-1200 ya kizazi cha kwanza yenye CPU 1214C (CPU ndiyo sehemu kuu inayoendesha programu). Kwa dijitali, yaani ishara za kuwaka au kuzima tu, inabeba hadi pointi 284 zilizoungwa pembeni yake. Kwa hiyo 250 zinaenea? Hazienei. CPU ina pointi 14 za kuingiza na nafasi 8 za moduli, yaani vipande vya kuongeza pointi, na moduli moja haizidi pointi 16 za kuingiza. Ukizijaza zote unafika 142. Kibao cha nyongeza cha mbele kinakuongezea nne tu. Vipimo vya 4–20 mA (ishara ya mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kufuata kipimo, mfano presha) navyo vinagombea nafasi hizohizo.

Wengi hapo hukimbilia CPU kubwa. Mimi ningeuliza kwanza vifaa viko umbali gani. Moduli za mbali, mfano ET 200SP, hukaa kwenye paneli ndogo karibu na pampu na kuwasiliana na CPU kwa kebo ya Profinet (mtandao wa kiwandani), badala ya mamia ya nyaya kuvutwa hadi chumba cha umeme (na bei ya shaba mnaijua). S7-1200 hiyohiyo inahudumia vituo 16 vya namna hiyo. CPU kubwa inafaa programu ikiwa nzito au mwendo wa mashine ukihitaji kasi.

Ila kebo hiyo ikikatika, kituo kizima kinapotea kwa mpigo. Kwa hiyo amua mapema kila pointi ya kutoa ifanye nini mawasiliano yakikatika: izime, au ibaki ilivyokuwa. Na akiba, tuseme asilimia 20, iweke kwa kila aina ya pointi.