Tovuti ya biashara ndogo: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mwenye karakana ya samani Keko, mwenye nyumba ya wageni Jambiani na mwenye duka la vipuri Kariakoo, ukiwauliza habari za kutafuta mtu wa kuwatengenezea tovuti, watakujibu mambo yanayofanana. Mengi wameyasikia kwa waliotangulia, na baadhi ya hao waliumia. Mimi hutengeneza tovuti za wafanyabiashara wa aina hii. Kinachonisikitisha ni kwamba hasara kubwa huanzia kwenye makubaliano, kabla hata kompyuta haijawashwa.

“Instagram na WhatsApp zinanitosha.”

Kwa wengine ni kweli kabisa. Mama anayekaanga maandazi ya oda na wateja wake wote ni wa mtaa mmoja hana haja ya tovuti, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo badala ya kuchukua hela yake. Lakini kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa 6. Siku ile, mtu ambaye bei zake, picha zake na namba yake ya simu zilikuwa kwenye tovuti yake aliendelea kupatikana. Halafu kuna wateja wasiopita Instagram kabisa: ofisi ya manunuzi inayotafuta mtengeneza madawati, au mgeni aliyeko Ujerumani anayetaka kuhakikisha kwamba nyumba ya wageni ipo kweli kabla hajatuma malipo.

“Nimelipa, kwa hiyo tovuti ni yangu.”

Hapa ndipo watu wanapoumia kuliko kote, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Tovuti ni vitu vitatu vilivyounganishwa. Kwanza kuna jina la kikoa, lile ambalo wengi huliita domeni, kama vile jina linaloishia na .co.tz au .com. Pili kuna nafasi unayokodi kwenye seva, ambako mafaili yanakaa. Tatu kuna tovuti yenyewe pamoja na akaunti ya msimamizi inayokuwezesha kubadilisha maandishi na picha. Kila kimoja kina mwenye nacho kwenye kumbukumbu, na kulipa fundi hakukufanyi wewe kuwa ndiye.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Fundi anasajili jina kwa barua pepe yake, kwa haraka tu, bila nia mbaya. Seva nayo anaiweka kwenye akaunti yake anayohudumia wateja wote. Miaka miwili inapita, fundi anaajiriwa, anahama mji, anabadilisha namba. Notisi ya kulipia jina inakwenda kwenye barua pepe ambayo haifunguliwi tena. Jina linaisha muda, tovuti inapotea, na barua pepe za biashara zilizotegemea jina hilo zinapotea nalo. Jina likishaachiwa, mtu mwingine anaweza kulisajili. Ni sawa na kujenga nyumba nzuri kwenye kiwanja ambacho hati yake ina jina la fundi.

Sajili jina mwenyewe, au kaa na fundi mkilisajili pamoja. Majina ya .tz huuzwa na wasajili walioidhinishwa, na ya Kenya (.ke) yako chini ya KeNIC, msimamizi wa majina hayo, ambayo nayo hufanya kazi kupitia wasajili wake. Kwenye fomu, mmiliki aandikwe wewe au kampuni yako, kwa barua pepe na namba ya simu unazozitumia kila siku. Usitumie barua pepe ya jina hilo hilo unalolisajili, maana likizimika hutaweza kupokea ujumbe wa kulirudisha. Fundi aingie kama mtu wa ufundi tu. Ukishafanya hivyo unaweza kumbadilisha fundi bila kumbadilisha mwenye mali.

Malipo pia yagawanywe. Toa sehemu ya kuanzia kazi, sehemu nyingine ukishakubali muonekano, na ya mwisho siku unapokabidhiwa nywila zote na kuziingiza mwenyewe ukaona zinafanya kazi. Yaandikeni, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili. Andikeni humo pia kwamba mafaili na muundo ni mali yako. Fundi anayekasirika kwa sababu umeomba hayo amekupa jibu lako mapema.

“Ukilipa mara moja imetoka.”

Jina hulipiwa kila mwaka. Seva hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Na tovuti huhitaji kuangaliwa. Tovuti nyingi za biashara ndogo hujengwa kwa WordPress, programu huria iliyoanza 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa sababu iko kila mahali, wadukuzi nao wanaiwinda kila mahali, na mlango wao mkubwa ni plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, zisizosasishwa. Ulizia nani atasasisha, nani atahifadhi nakala na itakaa wapi. Nakala iliyo kwenye seva ileile inaweza kupotea pamoja nayo.

Gharama moja ichunguze: cheti cha usalama, kile kinacholeta “https” mwanzoni mwa anwani. Bila hicho, kivinjari cha Chrome kimekuwa ikiwaonya wageni wa tovuti tangu Julai 2018 kwamba si salama, kwa hiyo ni lazima uwe nacho. Ila Let’s Encrypt, mtoaji wa vyeti asiyetafuta faida, imekuwa ikitoa vyeti hivyo bure tangu mwishoni mwa 2015, na kampuni nyingi za seva huviweka na kuvihuisha bila malipo. Ukitozwa kila mwaka, uliza unalipia nini hasa.

“Anayetumia templeti anakuibia.”

Hapana. Templeti, yaani kiolezo, muundo uliokwisha kuandaliwa, ikiwa nzuri na imenunuliwa kihalali kinapunguza siku za kazi na bei, na duka la vipuri halihitaji muundo uliochorwa kuanzia sifuri. Ubaya uko kwenye violezo vya wizi, vile vya kulipia vilivyovunjwa na kugawiwa bure mitandaoni. Mara nyingi ndani yake huwa kumefichwa msimbo unaowapeleka wageni wako kwenye tovuti za kamari. Omba uone risiti au leseni, na ijulikane ni ya nani.

“Fundi atajua cha kuandika.”

Fundi hajui kwamba wateja wako wa Keko huuliza kwanza kama kitanda ni cha mninga au cha mkongo. Hajui kwamba wageni wa Jambiani wanataka kujua kama umeme ukikatika kuna jenereta. Wewe unajua, kwa sababu unajibu maswali hayo kila siku kwenye simu. Yaandike. Maswali ambayo wateja wako huuliza kila wiki ndiyo maandishi ya tovuti yako, na nimeona kazi nyingi zikikwama miezi kwa kusubiri kurasa tatu za maneno kuliko kwa tatizo lolote la ufundi.

Lugha aichague mteja. Kama wanunuzi wako ni wa Temeke na Mbagala, andika Kiswahili, tena kile unachozungumza nao. Nyumba ya wageni inaweza kuhitaji Kiingereza au zaidi. Na bei weka, hata kama ni “kuanzia”. Mtu asiyeona bei hudhani ni kubwa.

Picha zipige kwenye karakana yako, asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Picha za kuokota Google zina wenyewe, na mteja akifika akakuta sofa si lile aliloliona, imani imeondoka.

“Nimeiona kwenye kompyuta ya fundi, inapendeza.”

Ifungue kwenye simu yako ya kawaida, kwa bando lako, ukiwa nje ya Wi-Fi ya ofisi yake. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4 au 5. Ukiweka kumi bila kuzipunguza, mteja anakata tamaa kabla ukurasa haujafunguka, na data yake umeila. Kilobaiti 200 kwa picha zinatosha kwa kazi nyingi. Google nayo huipima tovuti kwa muonekano wake wa simu.

“Utakuwa wa kwanza Google.”

Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Fundi anaweza kuweka vichwa vya kurasa vinavyoeleweka, kuifanya tovuti iwe nyepesi na kuiunganisha na Search Console, zana ya Google ya kufuatilia tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji. Duka lako kuonekana kwenye ramani ni huduma ya bure ya Google, unaweza kujisajili leo. Akaunti iwe yako.

“Malipo ya simu ni kitufe tu.”

Kwa wengi, kuonyesha Lipa Namba na namba ya WhatsApp kunatosha kuanzia. Malipo yanayojithibitisha yenyewe yanahitaji makubaliano na kampuni ya simu au wakala wa malipo, nyaraka za usajili wa biashara na TIN, na kusubiri idhini ambayo haiko mikononi mwa fundi.

Na ukianza kukusanya taarifa za watu kwa fomu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu, pamoja na wajibu wa kujisajili kwenye Tume yake. Kenya ina sheria yake ya 2019. Kwa fomu ya kuulizia kabati, jina na namba ya simu vinatosha. Namba ya NIDA ya mtu usiiombe.