Kwa nini mgonjwa wa Mombasa ana daktari na tabibu wa jadi kwa wakati mmoja?

Ukimwuliza mtu wa Kisauni au Likoni anatibiwa wapi, usitarajie jibu moja. Sukari anapima zahanati ya serikali, jino aling'olewa kliniki ya binafsi, na mgongo ulipomkaza aliitiwa mkandaji. Wapo wanaosema huo ni ushamba. Mimi naona ni hesabu.

Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti zote sita za Pwani, na ina mabingwa. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada mwaka 2013. Ila dawa zikiisha unaandikiwa karatasi ukanunue nje, na foleni inamla kibarua siku nzima isiyolipwa. Hospitali za binafsi, mfano Aga Khan iliyofunguliwa mwaka 1944, zinakuuzia hasa huo muda. Asiye na bima huuliza bei kabla hajataja kinachomuuma.

Tabibu hana keshia. Anamjua mamako, hupokea malipo kidogo kidogo, na humsikiliza mtu anayeuliza: kwa nini mimi, kwa nini sasa? Daktari mwenye wagonjwa sitini mlangoni hawezi. Ndiyo maana mtu hunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji, na bado akameza kidonge chake cha presha. Kwake havigongani.

Mitishamba nayo isidharauliwe. Artemisinini, iliyomo kwenye dawa za malaria za zahanati, ilitokana na mmea wa tiba ya jadi ya Kichina; mwanasayansi Mchina Tu Youyou alipata Nobeli mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini ilichujwa, ikapimwa, ikawekewa dozi. Mwarobaini unaochemshwa uani hunywewa kwa kukisia.

Hatari kubwa ni nani anatangulia. Degedege wengi waliiona kazi ya pepo, mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza. Kumbe huenda ni malaria iliyopanda kichwani, nayo huua upesi au huacha ulemavu. Hapo ni hospitali mbio, kombe litangoja. Anayetumia dawa za sukari pia amwambie daktari kuhusu mitishamba, maana baadhi yake hushusha sukari, na zikijumlishwa mtu huweza kuzimia. Wengi hunyamaza wakiogopa kufokewa, na hapo lawama si ya mgonjwa peke yake.