Maji ya dripu na moyo: chupa zote si moja

Wodini tunasema mgonjwa "katundikiwa maji", basi. Lakini kilichomo ndani ya chupa ndicho kinachoamua moyo utabeba mzigo kiasi gani.

Deksitrozi ya asilimia 5 ni maji ya sukari. Nusu lita ina gramu 25, kama vijiko sita vya chai. Mwili ukishaitumia sukari hiyo yanabaki maji matupu, nayo hutawanyika hadi ndani ya seli. Katika lita nzima, mishipani hubaki kama mililita 80 tu, ndiyo maana aliyepoteza damu nyingi hapandishwi presha kwa deksitrozi.

Salaini, maji ya chumvi ya asilimia 0.9, hayaingii kwenye seli. Kama robo yake hubaki mishipani na kurudi moyoni. Moyo wenye afya ukijaa zaidi hutanuka, kisha husukuma kwa nguvu zaidi. Moyo uliochoka hauwezi. Damu hurundikana nyuma yake, mapafu yanajaa maji, mgonjwa anaomba akalishwe kwa sababu akilala chali anakosa pumzi.

Maji ya Ringer yana asili yake kwenye moyo wenyewe. Miaka ya 1880 huko London, daktari Sydney Ringer aliona moyo wa chura unadunda vizuri kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa maji ya bomba, ila kwa maji safi yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, ulilegea. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu. Ndiyo maana mpaka leo chupa hiyo ina kalsiamu na potasiamu kidogo, na ile aina ya Ringer lakteti kloridi yake (sehemu ya chumvi) ni pungufu kuliko ya salaini.

Hata maji yanayofaa, kasi yake inaweza kuua. Utafiti uliotangazwa 2011, wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, ulionyesha kuwa kati ya waliomiminiwa salaini au albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, wasiomiminiwa, 7. Wengi tulidhani chanzo ni mapafu kujaa maji. Uchambuzi uliofuata ulionyesha vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wa wagonjwa: kile kigurudumu kwenye mpira wa dripu msikilegeze ili chupa iishe mapema. Nusu lita iliyopangiwa masaa manne itaingia kwa dakika chache, na mzee mwenye moyo uliopanuka hana pa kuiweka.