Nini maana ya utetezi wa maktaba bungeni?

Utetezi wa maktaba bungeni ni kazi ya kuwafikia watunga sheria kabla hawajapiga kura ya bajeti, na kuwaonyesha fedha za maktaba zinafanya nini kwa watu waliowachagua. Uzito wote uko kwenye neno “kabla”. Bajeti ikishapita, kinachobaki ni malalamiko, na malalamiko hayalipi mshahara wa mkutubi.

Wengi wetu tunadhani maktaba hupunguziwa fedha waziwazi: mtu anasimama, anasema zikatwe, watu wanapinga. Mara nyingi mkato huingia kwa njia nyingine kabisa, kupitia maneno machache yaliyobadilishwa ndani ya muswada wenye maelfu ya kurasa. Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa jimbo la Ohio, Marekani.

Ohio ina mifumo 251 ya maktaba za umma katika kaunti zake 88. Sehemu kubwa ya Marekani, maktaba huishi kwa kodi ya mji au kaunti, na serikali ya jimbo huchangia kidogo tu. Ohio ilichagua njia yake. Kwa miongo kadhaa maktaba zake zilitegemea kodi maalumu ya hisa, hatifungani na mali nyingine za aina hiyo. Kodi hiyo ilipofutwa miaka ya 1980, zikatengewa asilimia 6.3 ya kodi ya mapato ya watu binafsi. Baadaye utaratibu ukabadilika tena, zikawa zinapata sehemu ya kodi zote zinazoingia kwenye mfuko mkuu wa jimbo. Miaka ya karibuni sehemu hiyo ilikuwa asilimia 1.7.

Mwanzoni mwa 2025 Gavana Mike DeWine alipendekeza ipandishwe hadi 1.75. Baraza la Wawakilishi la jimbo likaja na jambo tofauti: likaondoa asilimia na kuandika kiasi, dola milioni 490 mwaka wa kwanza wa bajeti ya miaka miwili na milioni 500 mwaka wa pili. Anayesoma haraka ataona mamilioni na kuridhika.

Lakini hapo ndipo penye kiini cha dhana yenyewe. Mwenye fungu lake katika mavuno haombi, anasubiri msimu: mvua ikinyesha vizuri anapata kingi, ukame ukija anapungukiwa pamoja na wenzake. Anayepewa posho hali yake ni nyingine. Kila bajeti inapoandaliwa lazima aende akaombe, na anayempa anaweza kuipunguza kwa sababu isiyohusiana na mavuno hata kidogo. Asilimia ni fungu. Kiasi kilichoandikwa kwenye kasma, yaani mstari wa matumizi ndani ya bajeti, ni posho. Mfumo wa posho ndio uliobaki katika bajeti aliyosaini DeWine tarehe 30 Juni 2025, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko pengo la milioni zozote za mwaka mmoja, kwa sababu sasa maktaba za Ohio zitabisha hodi kila baada ya miaka miwili.

Muswada huohuo ulibeba pia kifungu kilichozitaka maktaba ziweke mbali na macho ya watoto vitabu vinavyogusa mwelekeo wa kijinsia. Gavana alikipigia kura ya turufu. Kwa hiyo mtetezi hasomi ukurasa wa fedha peke yake, maana masharti hupanda gari moja na fedha.

Ohio ilishaonja joto kali zaidi. Juni 2009 mapato ya jimbo yalikuwa yameporomoka, na Gavana wa wakati huo, Ted Strickland, akapendekeza maktaba zipunguziwe takriban dola milioni 227 kwa miaka miwili. Mwaka mpya wa fedha ulikuwa unaanza Julai 1, siku chache tu mbele. Wasomaji wakafurika: simu, barua pepe, mikusanyiko, wazazi na watoto wao. Mwishoni mkato ukashuka hadi takriban milioni 84. Je, huo ni ushindi? Ndiyo, ingawa bado ulikuwa mkato, na uliangukia maktaba ambazo fungu lao lilikuwa limekwisha kusinyaa kwa sababu kodi zilishuka.

Jimbo la Missouri linafundisha jambo lingine, na hili nalipitia haraka. Mwaka 2023 kamati ya bajeti ya Baraza la Wawakilishi la huko iliondoa dola milioni 4.5 za maktaba, zote, baada ya vyama vya wakutubi kushiriki katika kesi ya kupinga sheria ya vitabu shuleni. Baraza likapitisha hivyo. Seneti ikazirudisha. Waliokata na waliorudisha waliongozwa na watu wa chama kimoja. Bunge lenye mabaraza mawili lina milango miwili, na aliyefungiwa wa kwanza hana haja ya kukata tamaa.

Kuna neno jirani linalochanganywa na utetezi, nalo ni ushawishi. Kumweleza mbunge kwamba tawi fulani hufungwa saa kumi na moja kwa sababu hakuna wafanyakazi ni utetezi. Kumwambia “pigia muswada huu kura ya hapana” ni ushawishi. Sheria ya kodi ya Marekani inaruhusu asasi za hisani kufanya ushawishi, mradi usiwe sehemu kubwa ya shughuli zao, kwa hiyo vyama vya marafiki wa maktaba hupima maneno yao. Msomaji wa kawaida hana kizuizi hicho. Aseme atakavyo.

Na hahitaji kuwa mpiga kura. Dayton na Cleveland, miji ya Ohio, zina familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, wengi waliofika kama wakimbizi. Asiye raia hapigi kura, lakini anaweza kumwandikia mwakilishi wa eneo analoishi, na anaweza kutoa maoni kwa maandishi au kwa mdomo mbele ya kamati inayojadili bajeti. “Maktaba ni muhimu” ni sentensi ambayo wajumbe wameshaisikia mara elfu. Kinachosikika zaidi ni jina la tawi, siku unazokwenda, kompyuta uliyojazia maombi ya kazi, darasa la Kiingereza la jioni ambalo mama yako anahudhuria, na swali moja la wazi: fedha hizi zikipungua, darasa hilo litafanyika wapi?